Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mwaka jana, mwezi wa saba, nyumbu walipokuwa wanapita na barabara ya lango la Ikoma imejaa magari ya watalii, kijana mmoja wa Kizungu aliyekuwa anafundisha kwa kujitolea katika shule moja ya jirani alikaa kwenye benchi langu hapa Robanda akisubiri gari. Gari lilipofika alipanda haraka, akasahau kijitabu. Nilimtunzia wiki nzima asirudi. Kumbe alikuwa ameshapanda ndege kwenda kwao. Basi nikakisoma, maana mtu wa miaka 75 aliyesahihisha madaftari maisha yake yote haachi karatasi ilale bila kuipitia.

Kilikuwa kijitabu cha kurasa 40, kimetungwa na kampuni iliyomleta, na habari yake ilikuwa moja tu: namna ya kuzoea maisha ya kila siku katika nchi ya watu. Kilieleza jinsi ya kuoga kwa ndoo moja ya maji, jinsi ya kuchuchumaa chooni, jinsi ya kumega ugali kwa mkono wa kulia, jinsi ya kuchomekea chandarua, na la kujibu ukitongozwa sokoni. Kilimwomba mgeni asikasirike watoto wakimwita Mzungu njiani. Palikuwa na mchoro wa mstari unaopanda, ukashuka, kisha ukapanda tena, kuonyesha jinsi moyo wa mgeni unavyochangamka wiki ya kwanza, unavyovunjika wiki ya tatu na kutulia baadaye. Yote hayo ni kweli, wala sina ugomvi nayo. Nilichokuwa nakitafuta sikukikuta mpaka ukurasa wa 38. Hapo palikuwa na nusu ukurasa juu ya darasa, ikimwambia mgeni asiwe na wasiwasi kama hajapata kufundisha, kwa kuwa watoto watafurahi kumwona tu.

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi. Watoto watafurahi kumwona tu! Mwenye duka la dawa angeambiwa hivyo juu ya mtu asiyejua dawa, kwamba wagonjwa watafurahi kumwona, angefunga duka. Lakini likisemwa juu ya shule ya kijijini tunalikubali, tena tunapiga makofi. Nami nasema kwamba mgeni akishazoea ndoo, ugali na chandarua, hajafanya kazi yoyote bado. Amefika tu. Na tunaposifu kuzoea kwake tunasahau kuhesabu ni nani waliolazimika kumzoea yeye, na kwa gharama gani.

Simwonei mgeni, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuja huku mgeni. Mimi ni Mkurya wa Tarime, wa vilima vya baridi na migomba. Nilisomea ualimu Butimba, Mwanza, nikaanza kazi 1973, na 1976 nikapata uhamisho kuja upande huu wa Ikoma. Usidhani kwa kuwa ni mkoa mmoja wa Mara nilijiona nyumbani. Kiikoma ni ndugu yake Kikurya, lakini ni ndugu anayekucheka ukifungua mdomo. Nyumba niliyopewa ilikuwa ya udongo, mlango wake haufungi sawasawa, na fisi walitembea uani usiku kama mbwa wa mwenye nyumba. Maji tulichimba mchangani korongoni. Mbung'o waliniuma mpaka nikaacha kuvaa shati la buluu, maana wazee walinionya kwamba mbung'o hupenda rangi hiyo.

Ulikuwa wakati wa UPE. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana papa hapa mkoani kwetu, Musoma, ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Vijiji navyo vilikuwa vimetoka kukusanywa. Nikakabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto 92, wengine wamekalia matofali. Mwenzangu alikuwa kijana wa miaka 18 aliyemaliza darasa la saba, anafundisha asubuhi na kusomea ualimu mchana. Watu waliwacheka sana wale walimu wa UPE, na bado wanawacheka. Mimi siwacheki. Yule kijana alikuwa anakosea kuandika "r" na "l", lakini alibaki. Watoto aliowaanza darasa la kwanza aliwaona wakimaliza.

Muhula wangu wa kwanza niliupoteza wote katika kuzoea. Niliandika barua mbili za kuomba nirudishwe Tarime. Ndipo akaja mkaguzi, mtu mfupi mwenye baiskeli. Nikaanza kumsimulia habari za fisi na mbung'o. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa nini madaftari ya darasa la tatu hayajasahihishwa kwa wiki mbili. Hakuniuliza nalala vipi. Usiku ule nilimchukia, na kesho yake nikakaa chini nikasahihisha.

Baadaye niliongoza shule nne katika miaka 24. Sitazitaja, kwa sababu makosa nitakayoyasema ni yangu na si ya majengo. Katika hizo nilipokea wageni wa kujitolea wasiopungua thelathini, wa wiki tatu, wa miezi miwili, mmoja mmoja wa mwaka na zaidi. Nitasema habari za wawili.

Wa kwanza alikuwa dada mchangamfu sana, amekuja kwa wiki sita. Siku ya tatu alikuwa ameshajifunga kanga. Ya tano alicheza ngoma harusini. Alikula hata kichuri, ambacho walimu wangu waliotoka Pwani walikuwa wakikikimbia kwa kisingizio cha tumbo. Akina mama wakampa jina la kwao. Kama kuzoea kungekuwa mtihani, angepata 100 kwa 100. Mimi kwa furaha yangu nikampa Kiingereza cha darasa la tano, na mwalimu wa somo lile nikamtuma kwenye shughuli nyingine. Wiki sita watoto waliimba nyimbo za kichwa na mabega na magoti, walizokuwa wanazijua tangu darasa la tatu. Siku ya kuagana walilia, naye akalia, picha zikapigwa. Mwalimu aliporudi darasani alikuta daftari ziko ukurasa uleule alioziacha.

Simlaumu yule dada. Alikuwa hajui Kiswahili zaidi ya salamu, na katika shule zetu za msingi za serikali masomo yote isipokuwa Kiingereza hufundishwa kwa Kiswahili. Hivyo asiyejua Kiswahili hawezi kupewa hesabu, hawezi kupewa sayansi, hawezi kumuuliza mtoto amekwama wapi. Anabakiwa na nyimbo. Aliyestahili kulijua hilo ni mimi, mwalimu mkuu mwenye muhtasari mezani.

Lakini kilichoniuma zaidi si kurasa. Mwaka ule walikuja wengine baada yake, makundi mawili. La pili liliagwa kwa machozi vilevile. La tatu lilipofika, kabla hata wageni hawajashuka garini, mtoto mmoja wa darasa lile la tano alinivuta mkono wa shati akaniuliza, "Mwalimu, hawa wataondoka lini?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua apende kiasi gani. Na siku ya kuagana na kundi lile hakulia mtoto hata mmoja, waliimba wimbo wa kwaheri vizuri sana, kama kwaya iliyozoea misiba.

Wa pili alikuwa bwana wa makamo, mwalimu wa hesabu aliyestaafu kwao, akaja kwa miaka miwili. Huyu maisha ya huku yalimshinda tangu mwanzo mpaka mwisho. Ugali hakuupenda, alikula viazi na mayai. Popo wa chooni walimtisha. Ngoma hakucheza. Kikao kikiitwa saa nne kikaanza saa sita alinuna waziwazi. Alikuwa amesoma Kiswahili miezi mitatu kabla ya kuja, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupasua mawe, lakini kilikuwa cha kutosha kusema "eleza umepataje jibu hili". Saa moja na nusu asubuhi alikuwa darasani. Maandalio ya somo aliniletea kila Ijumaa bila kuulizwa, jambo ambalo baadhi ya walimu wangu wenye cheti walilifanya kwa kukimbizwa. Wageni wa kampuni walipokuja kupiga picha alifunga mlango wa darasa. Nilimwita ofisini nikamwambia, "Bwana, hawa ndio wanaotuletea madawati." Akanijibu kwamba yuko katikati ya sehemu. Nilidhani anasema sehemu ya shule. Alikuwa anasema robo na nusu.

Alipoondoka hakuna aliyeimba. Alipanda basi la Mugumu na sanduku lake. Lakini walimu wawili aliokuwa akikaa nao jioni kupanga masomo waliendelea kufundisha sehemu kwa namna yake ya kukata vijiti, na wanafunzi wake wawili leo ni walimu wa hesabu. Kama kile kijitabu cha kurasa 40 kingekuwa ndicho kipimo, bwana yule angehesabiwa ameshindwa.

Nimetaja madawati, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Mwaka wa shule katika nchi yetu una siku 194 za masomo. Mwaka mmoja, mnamo 2006, nilianza kuandika katika daftari langu siku ambazo ratiba ilivunjwa kwa sababu ya wageni: gwaride la kuwapokea, mazoezi ya nyimbo, kuwaonyesha bustani, kuwaaga, kusubiri gari lililochelewa. Zilifika 19. Karibu sehemu moja ya kumi ya mwaka wa mtoto. Tulipata madawati 30 na mpira mmoja wa miguu. Laiti mzazi angekuja ofisini akasema nitakuuzia dawati kwa siku za masomo za mwanangu, ningemfukuza; nami nilikuwa nafanya biashara hiyohiyo, tena kwa tabasamu, na kitabu cha wageni kimejaa sifa.

Wapo watakaoniambia: Mwalimu, umezeeka, unafukuza baraka. Shule hazina walimu wa kutosha. Bora huyo wa wiki sita kuliko darasa tupu. Hoja hii nimeisikia hata kutoka kwa walimu wenzangu, nami ningeiheshimu kama madarasa yangekuwa matupu kweli. Si matupu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto waliongezeka, ajira hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na tangu hapo vijana wengi waliohitimu ualimu wanakaa nyumbani wakisubiri kuajiriwa. Baadhi yao wanafundisha kwa kujitolea. Ndiyo, neno ni hilohilo: kujitolea. Binti wa jirani yangu ana shahada ya ualimu. Amejitolea miaka miwili katika shule moja ya wilaya hii. Wazazi wakichangishana anapata shilingi 40,000 kwa mwezi. Wakati wa njaa, au tembo wakishamaliza mahindi shambani, hapati kitu. Anatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, njia ileile wanayopita tembo hao.

Kundi la wageni lilipofika shuleni kwake, vipindi vyake vya hisabati walipewa wageni, naye akaambiwa akae pembeni awe mkalimani. Aliyesomea kazi akawa mkalimani wa asiyeisomea. Chakula cha mchana wageni walipikiwa, yeye akaambiwa kuna chai. Alinisimulia hayo akicheka, amekaa kwenye benchi lilelile alilosahau kijitabu yule kijana. Nilimuuliza kama amezoea. Akasema, "Babu, nitazoea nini? Hapa ni kwetu." Hakuna aliyemchorea mstari wa moyo wake unapanda lini na kushuka lini.

Na mtu asiseme kwamba Robanda haina njia ila kupokea kila anayeshuka garini. Kijiji hiki ni kimojawapo cha vijiji vitano vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, na fedha za kambi za watalii tumezipokea kwa miaka mingi. Zinatosha au hazitoshi, zinatumika vizuri au vibaya, hayo tubishane kwenye mkutano wa kijiji, na mimi huwa nabisha. Lakini kijiji chenye kambi za kitalii mlangoni hakiwezi kusema kwamba kimekosa posho ya binti mmoja wa hisabati.

Wala sisemi wageni wasije. Mwaka 1968 padre mmoja mzaliwa wa Vienna, Ivan Illich, aliwaambia vijana wa Kimarekani huko Mexico kwamba waje kutembea, waje kusoma, ila wasije kusaidia. Mimi sifiki huko. Namkumbuka Mama Barbro Johansson, aliyekuja Bukoba kutoka Sweden mwaka 1946, akafundisha wasichana Kashasha, akawa mbunge, akachukua uraia wetu, akaja kuongoza Sekondari ya Wasichana ya Tabora. Huyo alikuwa mmisionari, si mtu wa kujitolea wa siku hizi, na sidai kila mtu awe kama yeye. Wapo pia wale vijana wa Peace Corps, ambao Wamarekani waliwaanza 1961. Kwetu waliondoka 1969 siasa ilipochacha, wakarudi 1979. Wao hukaa miaka miwili, na kabla ya kuingia darasani hufundishwa Kiswahili na kulala katika nyumba za wenyeji kwa wiki kadhaa. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, wote waliokuwa kazini duniani, zaidi ya 7,000, waliitwa nyumbani kwa mara moja. Rafiki yangu, mkuu wa shule ya sekondari katika mkoa mwingine, alinipigia simu akilalamika kwamba fizikia yake ya kidato cha tatu imeachwa hewani. Kidogo nifurahi kwa ajili yake. Nilimwambia hivyo, akakasirika, lakini ni kweli: mgeni aliyeacha pengo alikuwa na kazi. Wale wa kwangu wa wiki sita walipoondoka pengo liliziba siku ileile.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere akaitumia methali hiyo kutukumbusha kwamba ugeni si ajira. Sisi tumempa mgeni wa shule kila kitu isipokuwa jembe. Tumempa kiti cha mbele, jina la ukoo na soda. Tumeogopa kumpa muhtasari, azimio la kazi, daftari 60 za kusahihisha usiku kwa taa, zamu ya kusimamia usafi, na barua ya kujieleza akichelewa. Tunadhani ni heshima. Mimi naona ni dharau, kwake na kwa watoto, kwa kuwa tumekwisha kukata shauri moyoni kwamba hana analoweza.

Ninachokitaka ni kidogo. Asiyekaa mwaka mzima wa masomo asikabidhiwe darasa. Aje kama mgeni, aketi nyuma, asikilize, na alasiri baada ya masomo acheze mpira na watoto, tutamkaribisha kwa moyo wote. Anayekaa mwaka aje na Kiswahili cha kuuliza swali na kuelewa jibu. Awe na mwalimu mwenyeji mwenye somo lile, na mwenyeji huyo ndiye awe mkubwa wake. Maandalio yake yakaguliwe. Na sehemu ya fedha anazoilipa kampuni ili aletwe, ambazo kwa jinsi ninavyosikia si haba, imlipe posho mwalimu wetu wa kujitolea anayefundisha chumba cha pili. Kampuni ikikataa, gari lake lipite moja kwa moja mpaka langoni, wakatazame simba.

Kamati ya shule ya hapa jirani inakutana Jumamosi saa nne. Kuna kundi jipya la watu 12 linatarajiwa mwezi ujao kwa wiki tano, na mwenyekiti amenituma mjukuu wangu aniambie nije niseme maneno mawili ya kuwakaribisha, kama mzee wa elimu. Nitakwenda. Nimeshalitafuta lile daftari langu la 2006, mchwa wameanza kona moja lakini siku 19 zinasomeka, na nimeliweka kwenye mfuko wa baiskeli pamoja na kile kijitabu. Binti wa jirani nimemwomba tuongozane.